Mkaja wa Mzee Mbonea

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura kusema, ni hii ya karibu, simu zilipokuwa na tochi lakini hazijui kupiga picha, kulikuwa na mzee mmoja katika mji mdogo chini ya milima ya Upare. Jina lake Mzee Mbonea, mnunuzi wa mawe ya vito. Tumbo lake liliingia dukani kwanza, yeye akafuata. Na kiunoni alikuwa na bastola, yenye kibali na mhuri, ambayo hajawahi kumpiga nayo hata kunguru.

Siku moja daktari akampima sukari, akatikisa kichwa. "Mzee, kila alfajiri ukimbie. Mchakamchaka mpaka darajani na kurudi. Usipokimbia, mguu huo tutaukata."

"Nitakimbia," akasema Mzee Mbonea, "lakini bila bastola sitoki. Mimi nina maadui."

Maadui wenyewe hakuna aliyewahi kuwaona, ila tuseme walikuwapo.

Siku ya kwanza akaitia mfukoni mwa bukta. Alipofika bombani, penye kina mama na ndoo zao, bukta ikawa magotini. Siku ya pili akaichomeka nyuma, kiunoni. Ikamtwanga mgongo, pa, pa, pa, mpaka akarudi nyumbani anatembea kama bata. Siku ya tatu akaikumbatia chini ya fulana, akakimbia amejikunja kama mtu anayetafuta choo.

"Pole, mzee!" wakamwambia pale bombani. "Tumbo limeshika?"

"Haya ndiyo mazoezi ya kisasa!"

"Haya, na hiyo bastola ya kisasa usije ukatudondoshea ndooni!"

Kumbe siri yenyewe mji mzima unaijua.

Mzee Mbonea akafika nyumbani amevimba kwa hasira. Akasimama uani, akapaza sauti majirani wasikie: "Atakayeniwezesha kukimbia na chuma hiki, watu wasikione, kisiruke, na mimi mwenyewe nisikisikie, nampa mtamba wangu Tunu!"

Mkewe, Mama Nakunda, alikuwa bandani anakata majani ya ng'ombe. Panga likasimama hewani.

Sasa huyu Tunu mumjue. Mama yake alikufa siku ya kumzaa. Mama Nakunda ndiye aliyemnywesha maziwa kwa chupa ya soda, akamlaza jikoni karibu na mafiga, akamfunika gunia. Hata leo Tunu akiisikia sauti yake anaita. Na Mama Nakunda kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekama ng'ombe kumi na moja wa nyumba ile, na hakuna hata mmoja aliyeitwa wake.

"Baba Nakunda," akasema polepole, "umesema Tunu?"

"Nimesema Tunu."

"Tunu niliyemlea mimi?"

"Ng'ombe ni wa nyumba hii."

"Na nyumba hii ni nani?"

Mzee akajigonga kifua. "Ni mimi."

Mama Nakunda akalishusha panga. Akaendelea kukata majani, lakini siku ile aliyakata madogo sana.

Akaja wa kwanza, Fundi Sangiwa, mshona viatu wa sokoni. Akailoweka ngozi siku mbili, akaivalisha bastola kama kiatu kwenye kalibu, akaipiga nyundo, akaishona kwa uzi wa nta. Ikatoka ala nyembamba, imeibana bastola kama ganda la karanga. Mzee akavaa, akakimbia. Juu ya fulana hapaonekani kitu. Fundi akaanza kumtazama Tunu kwa jicho la mwenye mali.

"Fundi," akasema Mzee aliporudi, "haionekani, lakini bado inaruka."

Akaja wa pili, Bi Zamaradi. Kazi yake ilikuwa kuwafunga mkaja wazazi, ile kanga inayokaza tumbo la mwanamke aliyejifungua. Akalitazama tumbo la Mzee Mbonea, akacheka mpaka ushungi ukaanguka.

"Mwanangu, nimefunga matumbo mia nne, la kwako ndilo litanishinda? Shika mwimo wa mlango. Vuta pumzi. Umejifungua lini wewe?"

"Bi mkubwa, heshima!"

"Heshima ipo, tumbo ndilo limezidi. Vuta tena!"

Akamzungushia kanga mara tano, akakaza kwa goti, ala ikazama ndani ya tumbo kama kisu ndani ya mkate. Mzee akarukaruka pale uani. Hairuki! Akakimbia mpaka darajani, akarudi, akakunja uso.

"Haionekani, wala hairuki. Lakini naisikia. Chuma kizito, kinanitoboa nyonga."

"Ulitaka chuma cha pamba?" akauliza Bi Zamaradi, akaondoka zake. Lakini kabla ya kuondoka alimfundisha Mama Nakunda kufunga, kwa kuwa kila alfajiri ni mke atakayefunga.

Basi Mama Nakunda akawa anafunga. Na katika kufunga, akaona ule mdomo wa bastola unaangalia wapi. Ulikuwa unaangalia chini, moja kwa moja, pale alipotoka Nakunda na nduguze. Akauliza, "Baba Nakunda, ukijikwaa je?" Akajibiwa, "Mwanamume hajikwai." Juzi yake tu alijikwaa mara mbili.

Kesho yake alfajiri, Mzee ameshika mwimo wa mlango, macho bado yamefumba kwa usingizi, Mama Nakunda akaiacha bastola ndani ya sanduku la chuma, akageuza ufunguo. Akachukua mche wa sabuni ya kufulia, akakata kipande kwa kipimo, akakichonga kidogo, akakitia ndani ya ala. Akafunga mkaja. Akakaza kwa goti.

Mzee Mbonea siku ile aliruka kama swala! Bombani alipita wasiweze hata kumtania. Akarudi anacheka. "Mama Nakunda! Leo siisikii kabisa! Nimeizoea!"

"Hongera, baba," akasema Mama Nakunda, akamfungua mkaja mwenyewe, akaiweka ala mwenyewe.

Siku sitini zikapita hivyo. Sukari ikashuka. Suruali zikapwaya. Daktari akampa mkono. Tatizo likawa moja tu: siku za jua la mapema, Mzee akitoka jasho, povu jeupe lilimchuruzika mapajani.

"Mama Nakunda, hili povu ni nini?"

"Ni sumu ya sukari, baba. Inatoka."

Akaenda kuwaambia watu wote, kwa fahari, kwamba yeye anatoa sumu. Na kweli, hakuna mzee aliyenukia vizuri kama yeye mji mzima.

Ndipo wale maadui wakatokea. Ndiyo, walitokea! Vijana wawili, darajani, alfajiri, na mapanga.

"Mzee, toa simu, toa saa!"

Mzee Mbonea akaingiza mkono chini ya fulana, akaikamata ala, akanguruma: "Njooni! Wa kwanza nitamtoboa, wa pili nitamtoboa kupitia huyo wa kwanza!"

Vijana wakautazama ule mkono. Wakatazamana. Wakaruka mtoni na nguo zao.

Mzee akarudi kwa mbio ambazo daktari hakuziandika. Akawaita majirani wote, akamwita Fundi, akamwita Bi Zamaradi, akamleta Tunu uani kwa kamba. "Leo natoa ahadi yangu! Kwanza mumwone shujaa wangu!" Akachomoa ala mbele ya watu, akavuta.

Kikatoka kipande cha sabuni, kimelika upande mmoja.

Bi Zamaradi akaketi chini kabisa, mikono kichwani, akicheka bila sauti.

Mzee Mbonea hakucheka. Akakiinua kile kipande. "Mama Nakunda. Nimesimama mbele ya mapanga na sabuni?"

"Umesimama, baba. Na umerudi."

"Ningekufa!"

"Ungekuwa na bastola ungekufa, au ungeua, au ungejipiga mwenyewe. Mimi nilitaka urudi."

Fundi Sangiwa akakohoa. "Hayo ya ndoa mtayamaliza ndani. Mtamba ni wangu. Mzee alitaka kitu kisionekane. Siku sitini hakikuonekana! Hata yeye aliyekibeba hakukiona. Kazi ya ala ni kuficha, haiulizi inaficha nini."

"Kaa chini, Fundi," akasema Bi Zamaradi. "Ala yako iliruka kama chura mpaka nilipoifunga mimi. Na wale vijana walikimbia nini? Walimwona mtu aliyenyooka, aliyekaza, hashiki tumbo kama mgonjwa. Mtu huyo nilimfunga mimi. Mtamba ni wangu."

Mama Nakunda akasogea, akashika shingo ya Tunu, na Tunu akamlamba kiganja. "Masharti yalikuwa matatu. Fundi alitimiza moja, bibi akatimiza moja, wote wawili Mzee akawaambia bado. La tatu, la kutoisikia, nani alilitimiza? Nililitimiza mimi, kila alfajiri, kwa mkono huu. Mguu wake upo kwa sababu alikimbia, na alikimbia kwa sababu alikuwa mwepesi. Miaka ishirini na miwili sijaomba ng'ombe. Leo siombi. Nadai."

"Ahadi ilikuwa kukimbia na chuma!" akapiga kelele Mzee Mbonea. "Sabuni si chuma! Hakuna aliyetimiza! Na huyu amenidanganya siku sitini. Aliyewatimua wezi ni mimi, kwa moyo wangu na mdomo wangu. Tunu habanduki hapa!"

Wakamwita mwenyekiti wa kitongoji. Akamsikiliza Fundi, akamsikiliza Bi Zamaradi, akamsikiliza Mama Nakunda, akamsikiliza Mzee. Akainusa sabuni. Akasema amekumbuka ana mkutano kata ya pili, akapanda baiskeli.

Basi Tunu amesimama uani, kamba iko chini, watu wanne wanaitazama na hakuna anayethubutu kuiokota. Nanyi mliokaa hapa mmeisikia kama ilivyokuwa, tangu mwanzo. Aliyeficha, aliyekaza, aliyedanganya ili mtu arudi, na aliyenguruma bila kujua ana nini mkononi: je, nani alistahili kuiokota kamba ile?