Pimbi na Jina la Mbele

— Nitoboe?
— Toboa.
— Mtanitaja?
— Hatukutaji.
— Mkibanwa?
— Tutasema tumeota.

Sogeeni basi, na kila mmoja aape kwa jina la mama yake kwamba haya hayatoki hapa. Mimi mwenyewe niliapishwa na Kanga, nikaapa mkono kifuani, na siri nimeitunza vizuri tangu asubuhi. Sasa imenichosha.

Palikuwa na kilima cha mawe, na juu ya kilima palikuwa na chuo cha wanyama. Mkuu wake alikuwa Fisi, Profesa Fisi, mwenye joho lenye mikono mipana kama magunia. Kanga alipika jikoni. Na Pimbi, yule mdogo asiye hata na mkia, alifundisha habari za mawe, akiishi na watoto wake katika pango la chuo.

Chuo kilikuwa na sheria yake. Mwalimu ambaye andiko lake halijachapishwa ng'ambo, kwa Kiingereza, ahame pango. Na njia ya ng'ambo waliijua Korongo peke yao. Walikuja na mvua za vuli, wakaondoka na masika, wakibeba makaratasi ya walimu mdomoni. Jibu ulingoje vuli nyingine.

Pimbi akaandika juu ya mawe yanayotunza maji wakati wa kiangazi. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Korongo wakachukua. Vuli ikaja, wakagonga midomo, ta-ta-ta-ta: "Sentensi zako fupi mno. Mtafute aliyezaliwa na Kiingereza akunyooshee."

Pimbi akashusha pumzi, fyuuu. Akakaa, akaandika upya. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Vuli ikaja, ta-ta-ta-ta: "Sasa sentensi zako ndefu mno."

Fyuuu. Akakaa, akaandika upya. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Vuli ikaja, ta-ta-ta-ta: "Kiingereza kimenyooka. Lakini hayo mawe ya kilima chenu yanamhusu nani?"

Na huku watoto wake wanakunywa maji ya mawe hayo hayo. Pimbi alichoka, wenzangu, akachoka hata kusema amechoka.

Fisi akamwita.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Vuli ijayo ukikosa, pango nampa mpwa wangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na ukiandika, upitishe kwangu. Jina langu hukaa mbele. Ndiyo desturi."

"Na Profesa atakuwa amefanya nini?"

"Nitakuwa nimekaa mbele."

Pimbi akateremka jikoni. Akamkuta Kanga anakoroga maharage kwa hasira.

"Nyama hakuna tena, shoga yangu," Kanga akasema. "Kila ninayoingiza ghalani inaota miguu. Wanafunzi ni maharage asubuhi, maharage jioni. Na ufunguo wa ghala anao nani? Mkuu mwenyewe, ati anatulindia."

"Si useme."

"Nikisema mimi ni umbea. Ukisema wewe ni wivu. Lakini likisemwa na Korongo, hapo linakuwa utafiti."

Pimbi alikuwa anashusha pumzi. Akaikatiza katikati, fyu.

"Shoga, manjano unayo?"

Tangu siku ile kila kipande cha nyama kilichoingia ghalani kilisuguliwa manjano mabichi yaliyopondwa mpaka yakapenya mfupani. Na kwa kuwa sahani ya mwanafunzi haikuona nyama, kinywa cha mwanafunzi hakikuona manjano. Mnaniuliza, kwani hawakuyaona meno ya mwizi? Meno ya mkubwa nani huyatazama? Ukimwamkia, macho yako unayaweka kwenye kucha zako.

Pimbi akakaa, akaandika kila alichokiona. Safari hii alichagua Kiingereza kizito, kigumu kama kwato. Sentensi ilianza kabla ya chai, ukishakunywa chai na kuosha kikombe unaikuta bado haijafika. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Akampelekea Fisi.

Fisi akafunua kurasa, pa, pa, pa.

"Linahusu nini?"

"Linahusu mienendo ya lishe isiyo rasmi katika taasisi za elimu ya juu, Profesa."

Fisi akajikuna shingo. Aseme hajaelewa, na joho lote lile?

"Ahaa," akasema. "Hilo nimelifikiria miaka mingi."

Akaandika jina lake juu kabisa, kubwa. Akalitazama la Pimbi pale chini. Akalifuta.

"Wewe bado kijana. Zamu yako itafika."

"Na pango, Profesa?"

"Pango ni sheria, mwanangu. Sheria mimi siiingilii."

Korongo wakaondoka na masika. Kiangazi kikapita. Pimbi akaanza kufunga virago polepole, leo chungu, kesho mkeka. Hata kutumaini kulimchosha.

Vuli ikaja. Korongo wakatua, ta-ta-ta-ta: andiko la Profesa Fisi limechapishwa ng'ambo. Fisi akakusanya kilima kizima. Akavaa joho. Akapitia ghalani kidogo, si mnamjua. Kisha akamwambia mkubwa wa Korongo, "Lisome kwa lugha yetu, mzee, ili hata Kanga kule nyuma aambulie kitu."

Korongo akasoma.

"Katika chuo hiki, nyama ya wanafunzi huibwa."

Fisi akatikisa kichwa taratibu, kama wafanyavyo wataalamu.

"Mwizi ndiye mwenye ufunguo wa ghala."

Kichwa kikasimama.

"Nyama yote ilisuguliwa manjano. Mwenye kinywa cha manjano ndiye mwizi. Mimi, mwandishi, nimemwona kwa macho yangu."

Korongo akakunja karatasi. "Hongera, Profesa. Wasomaji wetu wana swali moja tu. Ni nani?"

Fisi akabana midomo. "Mmm."

"Hatusikii huku nyuma," akasema Kanga.

"Mmm-mmm."

"Mtaje, mkubwa wetu. Si umemwona kwa macho yako? Au ulikuwa umekaa mbele tu?"

Watu wakacheka. Fisi joto likampanda mpaka masikioni, na fisi akipandwa na joto hawezi kufunga kinywa.

"Sikuliandika mimi," akabweka. "Kaliandika Pimbi. Mimi niliweka jina tu."

Akakiacha wazi, kinywa upana wa mlango wa ghala. Ufizi manjano. Ulimi manjano. Mpaka kooni huko, manjano.

"Kumbe mwandishi ni Pimbi," akasema Korongo. "Basi pango ni lake. Ila umwambie, Kiingereza chake kizito mno."

Fyuuu, akafanya Pimbi, akaenda kufungua virago.

Fisi akageuka akimbie. Akakanyaga joho lake mwenyewe, mkono wake mpana ukapinduka, na ubavu mzima wa nyama ukaanguka, pu, katikati ya watu. Wote wakauangalia ule ubavu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa, wakamwangalia Fisi menoni.

Ngano yangu imeanguka hapo na ubavu wake, anayetaka auokote. Aliyeisikia hakuisikia kwangu.

Na funzo lake ni hili, wanangu: msihangaike kuandika. Mwacheni mwenzenu aandike, nyinyi wekeni jina mbele. Ila mpige mswaki kwanza.