Nani Alimzuia Mashiba?

Kaeni vizuri, na mwenye neno alisubirishe kidogo, maana mwishoni nitawageukia ninyi, na sitakubali mtu aniambie hajui.

Huko Japani, katika studio moja ya filamu nje ya mji wa Kyoto, walikuwapo watu watatu wenye kazi moja: kumfanya mtu afe mbele ya kamera, kisha ainuke akanywe chai. Studio hiyo ilitengeneza filamu za yakuza, yaani majambazi wa magenge, wale wenye michoro mgongoni na visu viunoni. Zilikuwa filamu za kuchinjana mwanzo hadi mwisho, na watu walizipenda kupita kiasi.

Wa kwanza alikuwa Hisae, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mpika damu. Alichemsha shira ya sukari, akatia rangi, wanga na matone ya mchuzi wa soya, na ukiiona damu yake ungeapa ni ya mtu. Ujuzi huo aliupata pabaya. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, mdogo wake Noboru alichomwa kisu na watu wa genge kwenye ngazi za nyumbani kwao, na Hisae alipiga magoti pale akimziba kidonda kwa viganja mpaka mwili ukapoa. Tangu siku hiyo alijua kwamba damu hairuki kama bomba lililopasuka. Hutoka taratibu, hutafuta njia, na haisimami hata ukiisihi.

Wa pili alikuwa Mzee Bunkichi, na kazi yake ilikuwa kufa. Alikuwa amekufa katika filamu zaidi ya mia tatu: kwa kisu, kwa risasi, kwa kutupwa kutoka ghorofani. Magoti yalikuwa yameanza kumlemea, lakini akianguka, hata mafundi wa taa waliokuwa wamemzoea walisogea hatua moja kwenda kumwinua. Jina lake halikuandikwa kwenye bango hata moja.

Wa tatu alikuwa Orihara, bwana wa sauti, mkimya, mwenye masikio ya ajabu. Mkewe akiweka kikombe mezani, Orihara alijua kama amekasirika. Alidunga kabichi, alivunja figili, alipiga nyama kwa kitambaa kibichi, na wewe kwenye kiti chako ukasikia mfupa.

Basi mwongozaji wao, Kuramochi, alitengeneza filamu ambayo ndani yake mzee mmoja wa genge anachomwa kisu asubuhi mlangoni kwake. Walipoionyesha kwa mara ya kwanza kwa watu wachache, tarumbeta zililia, damu ikaruka hadi ukutani kama studio ilivyotaka, Bunkichi akatoa laana ndefu akaanguka, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Kuramochi alirudi studio uso umemshuka.

"Mtu amechinjwa mlangoni kwake, nao wanapiga makofi," alisema. "Wametoka pale wanatembea kwa madaha kama majambazi. Nimepewa siku moja ya kurudia. Kila mmoja wenu alete anachokijua."

Kwa miaka ishirini Hisae aliambiwa apike damu ya kupendeza, naye alitii. Asubuhi ile alipika damu ya Noboru. Aliipitisha kwenye mpira mwembamba chini ya shati la Bunkichi, akaushika mwenyewe mpira ule, akaubana na kuuachia kwa kufuata pumzi zake. Damu ikatoka polepole, ikajaa kwenye mkunjo wa shati, ikashuka kwenye kizingiti, ikaanza kuwa nzito pembeni. Mshika kamera aligeuza uso akaendelea kupiga picha bila kutazama.

Bunkichi naye aliomba jambo moja.

"Mwongozaji, nisiseme kitu safari hii. Baba yangu alipokuwa anakata roho hakulaani mtu. Alikuwa anatafuta ndara zake."

"Ndara?"

"Hakutaka akutwe pekupeku."

Kwa hiyo mzee yule alipochomwa, aliketi chini kama mtu aliyechoka tu. Mkono wake mmoja ukashika tumbo. Ule mwingine ukaanza kupapasa sakafu, ukaigusa ndara, ukaikosa, ukairudia, ukaivuta hadi mguuni, na kabla mguu haujaingia, mkono ukalala. Hisae, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango na mpira wake mkononi, alilia bila sauti ili asiharibu picha.

Orihara aliingia kazini picha ilipokwisha kupigwa. Alifuta tarumbeta zote. Kisu alikipa sauti ndogo, kama mtu anayekata tikiti maji chumba cha pili. Kisha, kutoka ndani ya nyumba ya yule mzee, akaweka birika la filimbi linaloanza kuchemka. Likalia, likaendelea kulia, maana aliyeliteleka hatarudi kuliepua. Na juu ya filimbi, sauti ya mke kutoka chumbani: "Baba Sachiko! Maji yamechemka!" Basi.

Filamu ikaenda mjini. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Watu walitoka wakiongea chini chini, wengine hawakuongea kabisa.

Sasa, Jumamosi moja katika onyesho la mchana, aliingia mtu anayeitwa Mashiba, mwanachama wa genge la kweli, umri wake miaka thelathini na moja. Mkubwa wake alikuwa amempa kisu na jina. Kesho yake asubuhi alitakiwa kwenda kumuua mzee wa genge pinzani, ambaye kila asubuhi hutoka kumwagilia maua yake. Mashiba hakuwa amewahi kuua. Aliingia sinema ili apate moyo.

Wiki tatu baadaye alisimama kwenye mlango wa studio, mkono wa kushoto umefungwa bendeji, kidole kidogo hakipo. Ndiyo desturi yao: ukitaka kutoka kwenye genge, unakata kidole kwa mkono wako mwenyewe, unamkabidhi mkubwa. Alikuwa amebeba kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa cheupe.

Kuramochi aliwaita watu wake watatu, na Mashiba akawainamia hadi paji la uso likakaribia meza.

"Yule mzee yuko hai," alisema. "Leo asubuhi nimepita nikamwona anamwagilia maua. Hanijui. Nilipewa kisu hiki nimtoe roho, na ninataka akae nacho aliyenizuia."

"Nini kilikuzuia?" Hisae aliuliza.

"Damu ilipoanza kutoka nilifumba macho, dada. Mimi, wa kufumba macho! Nikajiambia, ukishindwa kuitazama hii, kesho utaitazamaje? Nikataka kuyafumba hadi mwisho. Lakini birika lile halikuniacha. Ukifumba macho, masikio unayafumba na nini? Yule mama anaita, hajibiwi. Nikafumbua ili jambo lile liishe. Nilipofumbua tu, nikaona ule mkono unatafuta ndara. Nikamwona baba yangu. Sikuondoka kitini mpaka wafagiaji walipokuja."

Kisha Orihara, ambaye huwa haongei, alisema, "Bila birika angebaki amefumba macho hadi mwisho, asione kitu."

"Na alipofumbua aliona nini?" Bunkichi alimjibu. "Mimi. Nimekufa miaka arobaini, ndugu zangu, na hii ndiyo mara ya kwanza kufa kwangu kumfaa mtu. Niachieni."

Hisae alikitazama kile kitambaa. Alifikiri juu ya watu waliopanda ngazi za kwao zamani na kisu, na kwamba siku ile hakukuwa na wa kuwafumbisha macho.

"Asingeanza kuogopa," alisema polepole, "birika lingekuwa birika tu, na ndara ndara tu. Woga wake aliutoa kwangu. Nami niliutoa kwa Noboru. Ninawaheshimu sana, lakini siwezi kusema kwamba kisu hiki si changu."

"Kiwekeni ukutani hapa studio," Kuramochi alishauri. "Kiwe cha wote."

Mashiba alitikisa kichwa. "Ukuta haukunizuia. Nilikipokea kutoka mkononi mwa mtu, nitakiweka mkononi mwa mtu."

"Basi mwongozaji aamue," alisema Bunkichi.

"Mimi?" Kuramochi alicheka kidogo, akajifuta macho. "Mimi niliwaambia tu walete wanachokijua. Nikichagua mmoja, nitawezaje kuwatazama wawili?" Akachukua sigara zake akatoka nje.

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Saa kumi garimoshi la Mashiba lilikuwa linaondoka kwenda kwa kaka yake, mkulima wa machungwa, naye hakutaka kupanda na kile kisu. Alikifungua kitambaa juu ya meza. Watu watatu wakaketi mbele yake, kila mmoja na mikono yake mapajani, wala hapakuwa na aliyekuwa anajidai bure.

Nami nimefika mwisho wa ninachokijua. Jibuni sasa, mmoja mmoja. Ungekuwa wewe Mashiba, na saa inakwenda, ungekiweka mkononi mwa nani: aliyekufumbisha macho, aliyekufumbulisha, au uliyemwona ulipofumbua? Na ukishachagua huko kwako, niambie pia ungewaambia nini wale wawili.