Tik-tik Katika Zamu ya Shebughe

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali maana kaseti yenyewe ninayo, Tanga palikuwa na bendi ya watu watatu wenye vituko. Shebughe alipiga kinanda kilichong'oka nusu ya vibao. Mbelwa alipiga baiskeli iliyopinduliwa. Mwantumu alipiga cherehani, ndiyo, cherehani ya kukanyaga, bila uzi wala kitambaa. Cherehani hiyo ilikuwa ya dada yake, marehemu Zuhena, mke wa Shebughe na mwanzilishi wa bendi.

Zuhena aliwaachia sharti moja. Mmoja akipiga peke yake, wenzake wakae nyuma ya pazia na vyombo vyao, wamepeana migongo, mikono kichwani. Atakayeingilia zamu ya mwenzake atoke kwenye bendi.

Wakarekodi albamu ukumbini, mbele ya watu, mara moja tu bila kurudia. Mbelwa akapiga peke yake, watu wakacheka. Mwantumu akapiga peke yake, watu wakacheka zaidi. Shebughe akapiga peke yake wimbo aliomtungia marehemu, na katikati vidole vikaganda. Ukumbi kimya. Kisha nyuma ya pazia ikasikika tik, tik, tik, taratibu. Shebughe akaudaka mdundo, akamaliza huku analia.

Walipokwisha akauliza, "Nani kaingia kwenye zamu yangu?"

"Si mimi," akasema Mbelwa. "Haki ya Mungu."

"Si mimi, shemeji," akasema Mwantumu. "Mikono yangu ilikuwa kichwani."

Sikilizeni hapo. Mmoja kaapa bila kuombwa kiapo, mwingine kataja mikono bila kuulizwa mikono. Mimi ningewakazia macho wote wawili.

Kaseti ikatoka. Kwa kinyozi, harusini, kila mahali watu wanasema, "Rudisha hapo pa tik-tik." Basi, waliokana wakapata ndimi.

Mwantumu akaja. "Shemeji, ni mimi. Niliikanyaga cherehani. Sharti lilitaja mikono, halikutaja miguu."

Mbelwa akaja. "Ndugu yangu, ni mimi. Nililisukuma gurudumu kwa bega. Sharti lilitaja mikono, halikutaja mabega. Ulikuwa unazama, nikakuokoa."

"Mbona mlikana?"

"Niliogopa kutolewa," akasema Mbelwa.

"Na mimi," akasema Mwantumu.

"Na sasa hamwogopi?"

Mwantumu akamrudishia swali, "Na wewe, shemeji, mbona unawaambia watu ulinyamaza makusudi? Ulisahau wimbo wa dada yangu."

Shebughe akainama, maana ni kweli. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba pale alipanga.

"Siku ile nilidhani mke wangu ananijibu," akasema. "Kama ni cherehani yake, sawa. Lakini kama nililia kwa ajili ya baiskeli, uso wangu nitauweka wapi?"

Akairudisha kaseti, akasikiliza, akairudisha tena, mpaka utepe ukaanza kukwaruza. Tik ya cherehani na tik ya gurudumu, sikio lake halikuzitenganisha. Na kaseti mpya zilikuwa zinasubiri jalada, na jalada linataka jina la aliyepiga tik-tik.

Ila kuna hili. Jina likishaandikwa, mwenye jina ndiye aliyeingilia zamu, na aliyeingilia zamu anatoka. Mwantumu akitoka, anatoka na cherehani. Mbelwa akitoka, waliobaki ni watu wa familia moja, na sitashangaa mtu akisema ndivyo walivyotaka tangu mwanzo.

Shebughe akashika kalamu. Mwantumu kulia, Mbelwa kushoto, wakitazamana wao kwa wao, hakuna anayeitazama kalamu. Wala hakuna aliyesema, "Basi, niandike mimi, nitatoka."

Haya, nyinyi wenye masikio makali. Aliyekanyaga, aliyesukuma, au yeye mwenyewe aliyesahau akasema kapanga: je, nani alistahili jina, na nani alistahili kutoka?