Kwa Nini Jembe Huchomoka Mpinini

Nyie mnaolichomoa jembe kwa kuligonga mara moja tu, mnadhani lilizaliwa hivyo. Wapi! Enzi za bibi yake bibi yangu, huku milimani, mhunzi alikipigilia chuma kwenye mpini kwa misumari mitatu ya moto. Mhunzi wetu, mzee Sekiete, alijigamba kuwa hiyo ndiyo ndoa isiyo na talaka. Chuma kikilika, jembe zima lilitupwa, mpini na vyote.

Basi Namkunda alifiwa na mama yake, akaachiwa jembe. Miaka arobaini ya kulima ilikuwa imechimba alama za vidole vya mama kwenye mti wa mpini ule, na kila Namkunda alipoushika, alihisi ameshikwa mkono. Majirani walimcheka, wakasema anazungumza na kuni.

Vuli moja mvua iliwahi. Wenzake walikuwa wameshapanda, lakini chuma cha Namkunda kilikuwa kimelika hadi kubaki kama upawa. Asipopanda juma lile, wanawe wangelala njaa. Akaenda kwa Sekiete.

"Tupa hilo, mwanangu," mzee alimwambia. "Nitakupa jipya, na mpini wake."

"Chuma ni chako, baba. Mti huu ni mama yangu. Nikiutupa, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Sekiete akajaribu kung'oa misumari, mti ukaanza kupasuka. Akaacha palepale. Nawaambieni, mzee yule aliona haya, maana ujuzi wake mwenyewe ndio uliokuwa ukiuua mpini. Akaisaga misumari kwa jiwe, polepole, kutwa nzima. Kisha akatoboa tundu kwenye kichwa cha mpini kwa chuma cha moto, akafua jembe lenye mkia mwembamba, akauchomeka mkia tunduni bila msumari hata mmoja. Kila pigo la ardhini liliukaza mkia. Ukiugonga kwa nyuma, ulitoka. Namkunda akalima huku analia, akapanda.

Na tangu siku hiyo, kwetu jembe halipigiliwi. Bibi harusi hupewa chuma na mumewe, lakini mpini hutoka kwa mama yake.

Mpini wangu umeshavaa majembe saba. Binti yangu yuko mjini, ana kazi nzuri, hana shamba. Namkumbuka sana. Kila vuli naupaka mpini mafuta ya nyonyo, nauegemeza nyuma ya mlango. Siku akirudi, yeye au mwanawe, atakuta tundu liko wazi.