Kofia Iliyokaukia Kichwani kwa Yasari

Wamesimulia waliotutangulia, wakipokezana mdomo kwa mdomo, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi wa yaliyokuwa, kwamba katika mji mmoja wa Khurasani, nchi ya baridi kali, aliishi mja mwema akiitwa Sheikh Ghiyathi, msimamizi wa soko. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani na vipimo, asipunjwe mnunuzi wala asidhulumiwe muuzaji. Alikuwa mcha Mungu, mwadilifu na mkarimu. Ila alikuwa mwepesi wa kuwaka, na akiwaka, hata paka wa nyumbani kwake alijua pa kujificha.

Sheikh huyu alikuwa na mtumishi jina lake Yasari, mtu mpole mwenye kicheko cha karibu. Yasari alikuwa na tamanio moja tu duniani, nalo ni kuhiji. Kila mwaka, baada ya Idi ya Ramadhani, msafara wa mahujaji ulipoondoka yeye aliusindikiza mpaka lango la mji, akawapungia mkono, kisha akarudi nyumbani kuteka maji na macho yake mekundu. Mwaka mmoja Sheikh alimwita akamwambia, "Yasari, nisimamie mambo ya Idi. Yakipita bila kasoro, nitakupa ngamia na masurufu, uende Makka." Tangu siku ile Yasari alitembea kama mtu anayekanyaga pamba.

Miongoni mwa mambo ya Idi ilikuwamo kofia mpya ya Sheikh. Na kofia za nchi ile, ndugu yangu msomaji, hazikuwa kofia za kushona kwa sindano kama hizi zetu. Watu wa huko waliichukua sufu, wakaimwagia maji ya moto na sabuni, wakaikanda na kuishindilia mpaka nyuzi zikashikana zikawa kitu kimoja kizito, kisichopitisha upepo wala mvua. Yasari alipewa kazi ya kuchagua, naye aliifanya kwa moyo wake wote. Alizunguka soko zima akipapasa kofia na kuziweka shavuni. Moja, ya manyoya ya mbuzi, ilimchoma kama makapi. Nyingine ilikuwa ngumu, inang'aa, muuzaji akaisifu hadi povu likamtoka mdomoni, lakini Yasari alipoigusa kwa kidole chenye maji ikanata, akajua ugumu ule ni wa gundi tu. Mvua moja, nayo inalegea kama mkate kwenye mchuzi. Mwisho akafika kwa Fundi Hilali.

Fundi Hilali alikuwa mzee mchaji, mcheshi, ambaye ulimi wake haukukauka dhikri wala mzaha. Alimpa Yasari kofia ya sufu ya mwanakondoo iliyochanganywa na manyoya laini ya ngamia mchanga. Yasari akaikunja, ikajikunjua yenyewe bila kuacha alama. Akaiweka shavuni, akafumba macho.

"Usilale nayo, mwanangu," akasema Fundi. "Bado haijapata mwenyewe."

Maana ilikuwa desturi ya fundi yule kwamba kofia haikamiliki mezani. Huitia mvuke ikalainika, kisha mwenyewe huivaa ikiwa mbichi, akaketi nayo dukani tangu jua la asubuhi mpaka alasiri, ikaukie kichwani pake. Ikishakauka hivyo, imeshika umbo la kichwa kile na haina haja ya kingine.

Yasari alipopeleka habari hizi nyumbani, Sheikh alicheka. "Mimi niketi dukani kutwa nzima kama kuku anayeatamia, na soko la Ramadhani nimwachie nani?" Akachukua uzi, akauzungusha kichwani pake, kisha kichwani kwa Yasari. Ukalingana sawasawa. "Unaona? Vichwa vyetu ni kimoja. Nenda ukaketi wewe."

Basi Yasari akaketi, amefunga, na kofia yenye mvuke kichwani, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Fundi Hilali akamtazama kwa mbele, akamtazama kwa ubavu, akatikisa kichwa.

"Nimemwona bwana wako msikitini," akasema. "Uzi unapima mzunguko, Yasari, umbo haulijui. Kichwa chako ni cha duara, na chake ni kirefu cha kwenda nyuma. Kofia hii itakukaa wewe, yeye itambana mbele na nyuma, na ubavuni itaingiza upepo. Mfikishie salamu zangu, kisha mwambie aje mwenyewe. Nitamngoja hata baada ya Idi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Fundi. Nitamwambia."

Naye alikusudia kumwambia, Mungu ni shahidi. Lakini alipofika nyumbani alimkuta Sheikh ametoka kugombana na wauza tende, uso umemwiva. Yasari akaiona safari yake ya Makka kama yai kwenye ncha ya mti. Akawaza: nikimwambia aende mwenyewe, atasema nimekwepa kazi, au nimeiharibu. Na pengine fundi amekosea tu. Wazee nao huona mengi.

"Fundi Hilali anakusalimu," akasema.

"Wa alayhi salamu," akajibu Sheikh. "Kuna lingine?"

"Hakuna, Sheikh."

Salamu akaifikisha, onyo akalimeza. Na walisema wahenga kwamba mjumbe hauawi. Lakini mjumbe akiibana nusu ya ujumbe, nafsi yake humsumbua kuliko upanga. Yasari hakulala vizuri tena mwezi ule.

Asubuhi ya Idi ikafika, mji mzima unanukia udi na mikate ya samli. Sheikh Ghiyathi alivaa kofia yake, ikapendeza kweli. Kabla ya kufika uwanja wa sala ilikuwa imeanza kumbana kipaji na kisogo, na upepo wa baridi ukimwingia juu ya masikio. Akavumilia. Akasimama safu ya kwanza, nyuma ya imamu. Waliposujudu rakaa ya kwanza, kofia, iliyokuwa imekalia juu juu kama chungu kwenye mafiga mabovu, ikamtoka, ikabingirika taratibu, ikampita imamu, ikatulia mbele yake upande wa kibla kana kwamba ndiyo inayosalisha.

Mwenyezi Mungu awasamehe waumini wa siku ile, maana mabega mengi yalitikisika katika sijida, na si kwa kilio.

Sheikh alirudi nyumbani amewaka. Wageni wa Idi walikuwa wamejaa ukumbini, sinia zimetandazwa, naye mbele yao wote akaagiza Fundi Hilali aletwe. Fundi akaja na kanzu yake mpya, akitabasamu, akadhani ameitwa kula.

"Umenipunja!" akasema Sheikh. "Umechanganya sufu na manyoya ya mbuzi, ikapoteza umbo usiku mmoja. Mimi ninayewafungia maduka wanaopunja wenzao, nimepunjwa mimi! Nina sababu gani ya kutokufungia wewe?"

Tabasamu la Fundi likamwisha. Duka lile lilikuwa la baba yake, na jina lake jema ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo. "Sheikh, sufu ni safi," akasema kwa upole. "Ama umbo, nilisema nililoliona kabla kofia haijakauka."

"Ulimwambia nani?"

Fundi Hilali hakumtazama Yasari hata kwa pembe ya jicho. Akasema, "Niliyemwambia anajijua. Leo ni siku ya furaha, Sheikh, sipendi kumharibia Muislamu Idi yake. Ukiona haki ni kunifungia, nifungie. Mimi nitasubiri, na Mola wangu haniwekei kufuli."

Yasari alikuwa amesimama mlangoni na birika la kunawisha wageni. Kutoka nje ya lango alizisikia njuga za ngamia. Msafara ulikuwa umeanza kukusanyika. Akaona wazi kwamba akinyamaza tu, akinyamaza kama alivyonyamaza siku ile, kesho kutwa atapanda ngamia aende alikotamani maisha yake yote. Akajaribu kuisema talbiya ya mahujaji moyoni, "Labbayka," naitikia wito wako, ee Mola. Neno likamkwama. Ataitikaje kwa Mola wake, na duka la mzee huyu amelibeba mgongoni?

Akaliweka birika chini.

"Aliyeambiwa ni mimi, Sheikh," akasema. "Fundi alinituma salamu na onyo. Aliniambia kichwa chako na changu havina umbo moja, uende mwenyewe. Nikaleta salamu, onyo nikalificha, kwa kuogopa utanikasirikia nikakosa kuhiji. Fundi hana kosa. Kosa ni langu mimi."

Watafunaji wakaacha kutafuna. Sheikh Ghiyathi akaichukua kofia.

"Sogea hapa," akasema. "Vaa."

Yasari akaivaa. Kofia ikashuka, ikatulia, ikamkaa kama iliyoota pale kichwani. Hapakuwa na upenyo wa kupitisha hata unyoya. Mzee mmoja miongoni mwa wageni akaguna, "Subhanallah!" mwingine akaangua kicheko, na ukumbi mzima ukafuata. Wa mwisho kucheka alikuwa Sheikh, lakini alipoanza, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa kanzu.

"Astaghfirullah!" akasema. "Nimekagua vipimo vya mji mzima, na kichwa changu nikakipimisha kwa kichwa cha mwingine!" Akasimama, akamwendea Fundi Hilali, akambusu kichwani mbele ya walewale aliomtuhumu mbele yao. "Nisamehe. Nilihukumu kabla ya kuuliza."

"Nimekusamehe," akasema Fundi, "na sasa naomba kujua kama yale maandazi yana mwenyewe."

Kicheko kilipotulia, Sheikh akamgeukia Yasari. "Nilikuahidi safari kama Idi itapita bila kasoro. Je, imepita bila kasoro?"

"Hapana, Sheikh," akasema Yasari, ameinamisha kichwa.

"Basi ahadi ile imekwisha." Yasari akaitikia kwa kichwa, machozi yakamtona. Sheikh akaendelea, "Ile nilimwahidi mtumishi asiyekosea, na mtu huyo hajazaliwa. Sasa natoa nyingine, kwa mtu aliyesema kweli huku kweli inamgharimu safari yake. Ngamia mweupe ni wako. Na kofia ivae wewe. Mimi, hata nikiivaa mpaka Kiyama, haitanienea."

Yasari akaporomoka kusujudu palepale. Kofia haikumtoka.

Baada ya Idi watu walipita kwa makundi mbele ya duka la Fundi Hilali kumwona msimamizi wa soko ameketi, kofia inafuka mvuke kichwani, akiuliza kila baada ya muda, "Bado tu?" na Fundi akimjibu, "Subira, Sheikh, bado mbichi." Wanasema ndiko alikojifunza subira, na kwamba kofia ile ilimkaa vyema maisha yake yote.

Yasari alihiji. Aliporudi, Sheikh na Fundi walikwenda kumpokea langoni, palepale alipozoea kuwapungia wengine. Alikuwa amenyoa, kama ilivyo sunna ya mahujaji, kwa hiyo kofia ilimshuka mpaka kwenye nyusi, akawa anaiinua kwa kidole ili aone njia. Fundi Hilali akacheka, akasema alete aipunguze.

"Iache, Fundi, nywele zitaota," akasema Yasari, akiwakumbatia. "Mahujaji wenzangu wanawasalimu."

Sheikh akamshika mabega. "Wa alayhimu salamu. Na baada ya salamu, Yasari? Kuna lingine?"

Yasari akaivua kofia, akaikumbatia kifuani. "Lipo, Sheikh. Mbele ya Kaaba niliwataja nyinyi wawili kabla ya kujitaja mimi."

Sheikh Ghiyathi akageuka akajifanya anatazama ngamia.

Nasi, ndugu zangu, ni salamu ngapi tumezifikisha, na neno zito lililokuja nazo tukalificha chini ya ulimi kwa kuogopa uso wa mtu? Ewe Mola, tujaalie ndimi zinazofikisha amana yote, na utukirimu furaha ya aliyesema kweli akabaki na moyo mwepesi. Amin.