Betri Mbili za Moyo Katika Nyumba Moja

Hadithi hii nimetumiwa na dada yangu leo asubuhi. Nilipomaliza kuisoma nikampigia simu mume wangu, bila sababu yoyote. Isome taratibu, halafu mpelekee umpendaye.

Katika milima ya Upare waliishi mzee Senkoro na mkewe Nakijwa, wakulima wa tangawizi. Watoto wao, Nanzia na wadogo zake, walikuwa wameshakua na kuhamia mjini. Majirani walipenda kupita pale nyumbani kwa sababu wazee hao walibishana kutwa nzima: chumvi imezidi, mbuzi hajafungwa vizuri, nani alimpenda mwenzake kwanza. Na kila ubishi uliishia kwenye kicheko.

Mwaka mmoja Nakijwa akaanza kupata kizunguzungu. Siku moja akaanguka shambani na kupoteza fahamu. Senkoro akampeleka hospitali kubwa mjini, na huko daktari wa moyo, mama mmoja mpole, akawaambia kwamba moyo wa Nakijwa ulikuwa unapiga polepole mno, na wakati mwingine unasita kabisa.

"Tutamwekea betri ya moyo," daktari alisema. "Ni kifaa kidogo. Kinakaa chini ya ngozi, hapa karibu na bega, na waya wake mwembamba unapita kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo."

Senkoro aliogopa kuliko mgonjwa mwenyewe. Lakini kazi ilikwenda vizuri, na Nakijwa akarudi nyumbani akitembea kwa miguu yake.

Tabu ilianza hapo.

Senkoro alimwona mkewe kama yai. Akamkataza shamba, akamkataza jiko, akamkataza hata kufagia. Akipokea simu, mzee anakuja mbio: "Sikio la upande ule! Isikae karibu na betri!" Akicheka sana, anaambiwa atulie. Na Senkoro mwenyewe akaacha kubishana. Kila alichosema mkewe, alijibu, "Sawa, Mama Nanzia. Ni kweli, Mama Nanzia." Kazi zote akazibeba yeye, kutoka alfajiri mpaka jioni.

Mwanzoni Nakijwa alifurahi. Kisha ikamchosha. Mwishowe siku moja akasema, "Baba Nanzia, hospitali waliniruhusu. Wewe ndiye hujaniruhusu."

"Nakulinda, mke wangu."

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kukukasirikia."

Walipokwenda kliniki kupimwa, Senkoro alimwomba daktari, "Hiyo betri iongezeni nguvu. Ifanye kazi yote, moyo wake upumzike."

Daktari akacheka kidogo. "Mzee, betri haifanyi hivyo. Muda wote inausikiliza moyo. Moyo ukipiga wenyewe kwa wakati, betri inanyamaza. Ukichelewa, ndipo inausukuma kidogo. Mama ni mzima. Mwache alime, apike, aishi."

"Nimekusikia, daktari," Senkoro alijibu. Walipofika nyumbani akamnyang'anya mkewe ndoo ya maji.

Wiki chache baadaye, Senkoro alikuwa jikoni akikoroga uji. Nakijwa alikuwa amekaa barazani kama alivyoagizwa. Akasikia kishindo.

Alimkuta mumewe chini, jasho linamtiririka, macho hayamtambui mtu. Alipomwekea mkono kifuani, moyo ulikuwa unakimbia ovyo, hauhesabiki. Wakati huo majirani wote walikuwa mashambani.

Nakijwa akamgeuza mumewe ubavu, akamwambia, "Usithubutu kuniacha," kisha akatoka. Mwanamke yule aliyekatazwa kubeba hata ufagio akapanda mlima kwa haraka mpaka barabarani, akasimama katikati ya njia na kuinua mikono yote miwili mbele ya lori la tangawizi. Dereva na wenzake wakashuka naye, wakambeba mzee, wakamkimbiza hospitali.

Senkoro alipozinduka vizuri alimwona yule yule daktari, na pembeni yake mkewe, khanga imejaa vumbi.

"Mzee, ulikuwa unapata mapigo haya muda mrefu?" daktari aliuliza.

Senkoro akatazama ukuta. "Kidogo kidogo. Sikutaka kumpa mgonjwa wangu hofu."

"Mgonjwa wako ndiye amekuokoa," daktari alisema. "Wewe shida yako ni tofauti na ya mama. Moyo wake ulikuwa unasita, wako unakurupuka. Nawe utawekewa kifaa, lakini cha aina nyingine. Kinaulinda moyo, na ukikimbia vibaya kinautuliza. Ikishindikana, kinaupiga shoti ya umeme ili urudi kwenye mwendo wake. Shoti hiyo utaisikia kama teke la punda, lakini itakuokoa."

Senkoro akawekewa. Siku ya kurudi nyumbani alikuwa mnyonge, maana alijua kinachomsubiri. Watoto nao walikuwa wameshapiga simu: Baba asiende shamba tena, akae tu ndani.

Vidonda vilipopona na daktari kumruhusu kazi nyepesi, Nakijwa akavaa viatu vya shamba, akasimama mlangoni.

"Unaenda wapi?" Senkoro aliuliza.

"Tunaenda. Tangawizi haijipalilii."

"Mimi na wewe? Na mioyo hii?"

"Mioyo imeshapata walinzi wake. Wewe tembea mwendo wako. Ukichoka tutakaa. Ukianguka, njia ya barabarani naijua."

Mzee akavaa viatu vyake. Machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa kiganja. "Nisamehe, Mama Nanzia. Nilikufungia ndani nikidhani nakupenda."

"Ulinipenda kweli," Nakijwa alisema. "Ila ulinipenda kwa kunikalia kifuani."

Wakashika njia. Jirani mmoja aliyekuwa akipalilia mahindi aliwasikia kabla hajawaona. Mzee alikuwa analalamika kwamba mkewe anatembea haraka mno, na mkewe anamjibu kwamba si yeye aliye haraka, bali ni mume wake aliyezeeka.

Funzo: Umpendaye, usiishi maisha yake kwa niaba yake. Kaa naye karibu, msikilize, mshike mkono pale anapokwama, na anapoweza mwenyewe, mwache aende.