Elektroni Iko Wapi Sasa Hivi?

Wapendwa, kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa anasomea ualimu wa fizikia. Chuo kikampeleka shule fulani kwa mazoezi ya kufundisha, na siku ikafika mkufunzi wake akaja kumpima. Akifeli, anarudia mwaka mzima. Nyumbani mama yake alikuwa amefunga kwa ajili yake. Mnawajua mama zetu.

Binti akachora ubaoni atomu ya haidrojeni: kiini katikati, mduara kukizunguka, na juu ya mduara nukta moja. "Hii ndiyo elektroni," akasema.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa hivi iko wapi hasa? Hapo kwenye nukta?"

Walimu mliomo humu, ile mbinu yenu mnaijua. Swali likiwashinda mnatabasamu: "Swali zuri sana! Nani atamsaidia mwenzetu?" Msicheke, mnaifanya! Binti naye akaifanya. Ndipo sauti nzito ya mkufunzi ikatoka nyuma: "Hata mimi nasubiri jibu, mwalimu."

Ungekuwa wewe, je? Ungeng'ang'ania nukta yako? Binti aliamini kwamba mwalimu akisema "sijui" mbele ya mkufunzi, amekwisha. Hata hivyo akachukua dasta, akaifuta ile nukta. Akalaza chaki ubavu, akapaka weupe kukizunguka kiini, mzito karibu, mwepesi mbali.

"Sijui iko wapi," akasema. "Wala hakuna anayejua. Kabla ya kupimwa, haina mahali pamoja pa kuonyesha kwa kidole. Tunachojua ni wapi ina nafasi kubwa ya kuonekana ikipimwa."

"Kwa hiyo imepotea?" msichana akauliza.

"Haijapotea. Kiini kinaivuta, na yenyewe haina nguvu ya kutosha kuondoka."

Kipindi kilipoisha mkufunzi akamwita nje.

"Umefaulu," mkufunzi akamwambia. "Ungeitetea ile nukta, ningekufelisha."

Binti akacheka huku analia. Akampigia mama yake simu: "Mama, fungua. Kunywa chai."

Na sisi je? Tunaingia humu ndani tunamdai Mungu nukta. Nionyeshe nitakuwa wapi mwakani! Nionyeshe kazi iko wapi! Asipotuonyesha, tunasema ametuacha. Nani alitufundisha kwamba kutojua mahali ndiko kupotea?

Mama yangu, wewe ambaye mwanao hajapiga simu tangu Pasaka, nakuona. Hujui aliko, na mimi sijui, sitakudanganya. Lakini Mungu aliyemshika hajamwachia. Leo nenda nyumbani, kula, ulale.